Hesabuni na siku ambazo mashine imelala

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, Katibu Mkuu wa Wizara, Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, na kila anayetia saini mikataba ya vifaa vya spitali zetu.

Assalaam alaykum.

Mimi ni fundi wa vifaa tiba, sasa nimestaafu, mtu wa Pemba kwa kuzaliwa na kwa makaazi. Kwa zaidi ya miaka 30 kazi yangu ilikuwa kufungua mashine za spitali zilizogoma, kuzitia spea zikipatikana, na kuzifunika shuka zisipopatikana. Tangu mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na daftari. Nikiandika siku mashine ilipozima, siku ilipowaka tena, na yaliyopita hapo kati. Nimelisoma upya mwezi huu, kwa sababu kila ninapokaa barazani nasikia mjadala uleule: Serikali inunue vifaa tiba, ivikodi, au iwape watu binafsi huduma nzima ya picha na maabara, mashine walete wao na majibu watoe wao?

Mjadala huu tumeshauingia kwa miguu miwili. Spitali mpya za wilaya, zile za fedha za ahueni ya UVIKO-19, zimefunguliwa Unguja na Pemba, na baadhi ya huduma ndani yake zimekabidhiwa kampuni binafsi. Mikataba hiyo itamalizika, mingine itaandikwa. Kabla hamjaandika mingine, nakuombeni muongeze mstari mmoja katika hesabu zenu, mstari ambao katika utumishi wangu wote sikuwahi kuuona kwenye karatasi yoyote ya bajeti: siku ambazo mashine imelala, na nani aliyezilipia.

Nitaeleza kisa kimoja kutoka kwenye daftari. Spitali siitaji, na kampuni siitaji.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Mzee mmoja wa makamo ya miaka 60 alianguka mkarafuuni, akaletwa kwetu amefungwa vipande viwili vya mbao kwenye paja. Waliomleta walikuwa binti yake na vijana wawili wa nyumbani, wote wachumaji. Mlango wa chumba cha eksirei ulikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa plasta ya jeraha: MASHINE MBOVU. Karatasi ile ilikuwa na siku 19. Daktari alimgusa, akamtuliza maumivu, akaandika rufaa ya Unguja. Yule binti alikuja akanikuta nimekaa nje na kisanduku changu cha bisibisi.

"Mjomba, kwani humu ndani hamna mtu wa kuitengeneza?"

"Yupo, mwanangu. Ndiye mimi."

Aliniangalia, asiseme kitu. Nilikuwa na sababu, lakini sikuwa na uso wa kumpa. Mashine ile ilikuwa bado ndani ya waranti. Mkataba ulisema akiifungua mtu mwengine yeyote, waranti imekufa. Na hata ningeifunguwa, ilikuwa na neno la siri la mafundi wa kampuni. Bila ya neno hilo kosa halifutiki kwenye kompyuta yake, hata ukishaliondoa kosa lenyewe. Kwa hiyo mimi, niliyeajiriwa na Serikali kutengeneza mashine, nilikuwa mlinzi wa mashine mbovu.

Fundi wa kampuni alifika kutoka Dar es Salaam siku ya 47. Alifungua kifuniko cha nyuma mbele yangu. Juu ya bodi ya umeme palikuwa na mjusi kafiri amekauka, mguu mmoja huku na mguu mmoja kule, akaunganisha njia mbili za umeme ambazo hazikutakiwa kukutana. Tukamtoa kwa koleo, tukasafisha bodi kwa spiriti, ikabadilishwa fyuzi, likatiwa neno la siri. Haikufika saa moja. Kisha nikakata kipande cha wavu wa dirisha la mbu nikaziba tundu alilopitia. Wavu ule ungewekwa siku ya kwanza, daftari langu lisingekuwa na ukurasa huo.

Baadaye nilikutana na vijana wa yule mzee. Walikwenda Mkoani kwa gari ya kukodi kwa sababu mgonjwa hawezi kukaa kwenye gari ya abiria. Wakapanda boti wanne. Wakakaa Unguja kwa jamaa wiki tatu, mgonjwa kalazwa na wao wakipeleka chakula. Waliuza ndama. Na karafuu zao zilichanua mtini, maana wachumaji wote wa nyumba ile walikuwa ng'ambo wakimuuguza baba, na karafuu ikishachanua haina bei. Mzee alipona, alhamdulillahi, ingawa mguu ulibaki mfupi kidogo.

Waheshimiwa, katika vitabu vya spitali tukio hilo liligharimu sifuri. Spea haikununuliwa, fundi alikuja kwa waranti, umeme haukutumika, hata filamu na karatasi tuliokoa. Ukisoma ripoti ya mwaka ule ungeona matumizi ya eksirei yameshuka, ukafurahi. Gharama haikupotea, ilitoka kwenye vitabu vya Serikali ikaingia kwenye nyumba ya wachuma karafuu. Mpaka leo sijaona mtu wa manunuzi anayeihesabu gharama iliyohama namna hiyo, na kwa kisiwa kilichozungukwa na bahari hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Sensa ya 2022 ilituhesabu Pemba watu 543,441. Mashine ikizima Unguja mjini, mgonjwa huvuka barabara akatafuta nyengine. Ikizima hapa, huvuka bahari.

Sasa tufanye hesabu ya mfano. Tarakimu nazipanga mimi ili zihesabike kwa urahisi. Nyinyi mnazo za kweli, zitieni hizo.

Tuseme mashine ya eksirei ya dijitali inanunuliwa kwa shilingi milioni 300 na itaishi miaka 10. Wengi wetu tunaishia hapo: milioni 300. Lakini matengenezo ya mashine ya namna hiyo huchukua kama asilimia 5 hadi 10 ya bei yake kila mwaka. Chukueni 8: ni milioni 24 kwa mwaka, milioni 240 kwa miaka yote. Ongezeni betri za UPS za kushikilia mashine umeme unapokatika, stabilaiza ya kutuliza umeme unaopanda na kushuka, kiyoyozi cha chumba, na mafunzo ya wanaoitumia, tuseme milioni 60. Mashine ya milioni 300 imeshakuwa ya milioni 600, yaani milioni 60 kwa mwaka. Ikifanya kazi siku 250 za mwaka, picha 20 kwa siku, ni picha 5,000, na kila picha imegharimu shilingi 12,000.

Mkodishaji anakuja anasema: mimi naleta mashine yangu, fundi wangu na spea zangu, nilipeni shilingi 20,000 kwa kila picha. Kwa picha 5,000 ni milioni 100 kwa mwaka, bilioni moja kwa miaka 10. Mtu wa fedha atasema kukodi ni wizi. Atakuwa amesema kweli ikiwa mashine ya kununua inafanya kazi siku zote 250. Ikifanya kazi nusu yake, picha zinakuwa 2,500 na kila moja imegharimu 24,000. Hapo mkodishaji ni rahisi kuliko sisi wenyewe. Mpaka baina ya hali hizo mbili ni picha 3,000, yaani siku 150. Chini ya hapo, kodini. Juu ya hapo, nunueni.

Kwa hiyo mtu hawezi kujibu swali la kununua au kukodi mpaka ajue mashine tulizonazo hufanya kazi siku ngapi kwa mwaka. Na hilo, kwa nilivyoona mimi, halikuwa likiandikwa popote isipokuwa kwenye madaftari ya mafundi, na mafundi hawaitwi kwenye vikao vya zabuni.

Tatizo hili si letu peke yetu, na sisemi haya kumdhalilisha mtu. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliokusanya orodha za vifaa zaidi ya 112,000 katika spitali za nchi 16 zenye kipato kidogo, asilimia 38.3 ya vifaa hivyo vilikuwa havifanyi kazi. Sababu kubwa zilikuwa tatu: watu hawakufundishwa, hakuna usimamizi wa vifaa, na miundombinu mibovu, yaani umeme, maji na jengo lenyewe. Mashine kuwa mbovu tangu kiwandani haikuwa miongoni mwa hizo tatu. Na kwa vifaa vya msaada Shirika la Afya Duniani limewahi kusema kwamba katika baadhi ya nchi ni asilimia 10 hadi 30 tu ya vifaa vilivyotolewa ndivyo vilivyofika kufanya kazi.

Msaada tumepokea mwingi na tunashukuru. Madaktari wa Kichina kutoka jimbo la Jiangsu wanakuja Zanzibar tangu 1964, na Hospitali ya Abdulla Mzee pale Mkoani imejengwa upya kwa mkono wa China, ikafunguliwa 2016. Nani atasema hatukufaidika? Ninachokumbuka mimi, hata hivyo, ni makasha. Makasha yanayoshushwa bandarini yakiwa na mashine za umeme wa volti 110 wakati wetu ni 230. Mashine ambayo kitabu chake kimeandikwa kwa lugha tusioisoma. Mashine nzima isipokuwa kebo moja. Wazee wetu walisema rahisi huvunja upishi. Cha bure nacho kina gharama: kinachukua chumba, na kinamfanya mpangaji wa bajeti aandike "ipo" mahali ambapo ilitakiwa aandike "haipo". Mashine iliyoandikwa "ipo" huzuia kununuliwa nyengine.

Nirudi kwenye kukodi, maana najua ndiko upepo unakovuma.

Wapo wenzangu mafundi wanaoupinga moja kwa moja. Wananikumbusha kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mimi sikubaliani nao kwa kila kitu. Nguo yangu mwenyewe ikiwa imeraruka nayo haisitiri. Mashine ya CT, ile eksirei kubwa inayopiga picha za ndani ya mwili kipande kwa kipande, kwa mfano, siitamani iwe mali ya spitali ya wilaya. Tiyubu yake ikifa, na lazima ife kwa sababu ina idadi ya mipigo, kuibadilisha ni makumi ya maelfu ya dola kwa mpigo mmoja, na hakuna fungu la bajeti ya spitali linaloweza kungojewa mpaka litoe fedha hiyo. Hapo ni bora hatari aibebe mwenye mtaji. Lakini aibebe kweli.

Tazameni jirani zetu wa Kenya. Mwaka 2015 serikali yao kuu ilisaini mikataba na kampuni tano za vifaa tiba kwa miaka saba, kwa spitali 98, kila kaunti spitali mbili na chache za taifa. Kila moja ya kaunti 47 ikakatwa kiasi kilekile: shilingi za Kenya milioni 95 kwa mwaka, baadaye ikapanda mpaka milioni 200. Kaunti yenye watu wengi na yenye watu wachache, iliyotumia mashine na isiyotumia, zote sawasawa. Kuna spitali zilizopelekewa mashine wakati hazina umeme wa kutosha, au hazina mtaalamu wa kuzitumia, zikabaki zimefungwa huku makato yanaendelea. Magavana walilalamika kwamba mikataba yenyewe hawakuoneshwa. Mwaka 2020 kamati ya Seneti ilitoa ripoti kali sana juu ya mpango ule. Baadaye serikali ikaja na mpango mwengine, wa kulipa kwa kila huduma iliyotolewa.

Somo ninaloliona mimi pale si kwamba kukodi ni haramu. Walilipia kuwapo kwa mashine, hawakulipia kazi ya mashine. Hilo ni kosa lilelile la kununua, ila limevaa kanzu nyengine: fedha inatoka, mlango una karatasi ya MASHINE MBOVU.

Na kulipa kwa kila huduma nako kuna mlango wake wa nyuma. Anayelipwa kwa picha anataka picha ziwe nyingi. Kila kichwa kinachouma kitapelekwa CT. Mgonjwa atapigwa mionzi asiyoihitaji, na Mfuko wa Huduma za Afya utalipa. Dawa ya hilo ni kwamba anayeandika kipimo asiwe na uhusiano wowote na anayelipwa kwa kipimo, na kwamba Mfuko uangalie mara kwa mara: katika picha mia, ngapi zilibadilisha matibabu? Daktari mkuu wa spitali anaweza kulijua hilo kwa kukaa na mafaili mchana mmoja.

Kuna aina nyengine ya kukodi ambayo wengi hawaijui kuwa ni kukodi, nayo imejaa maabara. Kampuni inakuwekea mashine ya kupima damu bure kabisa. Hulipi hata senti. Unachotia saini ni kwamba vitendanishi, yaani dawa za kupimia, utanunua kwake, na mashine imetengenezwa isikubali vya mwengine. Nimeona mashine hizo zikifanya kazi vizuri sana mwaka wa kwanza. Halafu meli ikachelewa, au malipo yakachelewa, vitendanishi vikaisha, na mashine nzima, isiyo na ubovu wowote, ikawa haina faida. Siku moja nilimkuta mtu wa maabara, kijana hodari, anapima hemoglobini kwa njia ya zamani, tone moja moja, ameipa mgongo mashine inayoweza kupima sampuli 60 kwa saa. Taa yake ya kijani ilikuwa inawaka. Katika daftari langu sikujua niandike nini. Mashine si mbovu, lakini haifanyi kazi. Nikaandika "imelala". Tangu siku ile ndilo neno ninalolitumia kwa zote.

Bei ya kipimo katika mikataba hiyo imo ndani ya chupa ya kitendanishi, na chupa inauzwa kwa dola. Shilingi ikishuka, kipimo kimepanda bila ya mtu kuamua. Waheshimiwa, ulizeni: tangu mashine ya bure iingie, tumeshalipa mara ngapi bei yake?

Nisemeje kuhusu vitu vidogo? Hapa sina shaka hata chembe. Mashine za kufyonza makohozi, za oksijeni, vipimo vya presha, taa za kuwapasha moto watoto njiti, altrasaundi ya mkunga: hivi vinunuliwe, viwe vyetu, na viwe vya aina moja au mbili katika spitali zote ili spea ziingiliane. Kuvikodi ni kuukodi mwiko wa jikoni kwako.

Chukueni mashine ya oksijeni. Ndani yake mna punje za madini zinazokamata naitrojeni ya hewa, ikabaki oksijeni. Punje hizo zinauliwa na unyevu, na Pemba tuna unyevu wa kugawa. Mlangoni mwa hewa mna kipande cha sponji. Nilikuwa na mashine mbili zilizofika siku moja, ndani ya kasha moja. Ya kwanza ilikuwa wodi ya watoto, kwa muuguzi mmoja bi mkubwa ambaye kila Ijumaa asubuhi aliitoa sponji, akaiosha kwa maji ya sabuni, akaikausha vizuri kivulini, akairudisha, na akaiwasha mashine robo saa hata kama hakuna mgonjwa. Ya pili iliwekwa stoo "isichakae". Ya bi mkubwa niliiacha inafanya kazi nilipostaafu. Ya stoo ilipotolewa siku ya dharura ilikuwa inatoa upepo mtupu. Nilipoipima, hewa yake haikuwa na tofauti na ya nje dirishani. Mgonjwa alikuwa ameshatiwa mrija puani.

Hakuna mkataba unaoweza kuandika Ijumaa ya yule bi mkubwa. Ndiyo maana nasema kwamba hata mkikodi kila kitu, msiwaondoe mafundi wenu na msiwaache wauguzi bila ya mafunzo. Hili linaniuma kwa namna ya pekee, kwa sababu nimeshasikia hoja kwamba tukikodi, mafundi wa Serikali hawahitajiki tena na mishahara yao ni akiba. Nani basi atakayewaambieni kwamba mashine ililala siku 30 na si siku tatu? Mkandarasi? Mkataba mzuri husema mashine iwe hai asilimia 95 ya wakati. Inapendeza kusikia. Asilimia 5 iliyobaki ni siku 18 kwa mwaka. Halafu saa inaanza kuhesabiwa lini: mashine inapozima, au barua ya malalamiko inapopokelewa ofisini Dar es Salaam? Mwenye kujua dakika ilipozima ni fundi aliye pale spitali. Akiondoka yeye, kilichobaki ni maneno ya mkandarasi.

Chuo cha Ufundi Arusha na Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam wanafundisha ufundi wa vifaa tiba. Vijana wetu wa Pemba wamo na wana uwezo. Mkiwapeleka, wafungeni kwa mkataba wa kurudi, na wakirudi wapeni chumba, meza, vifaa vya kupimia umeme na fungu la spea wasilolazimika kuliombea Unguja. Mimi gasketi ya mashine ya kufyonza niliwahi kuikata kwa mpira wa baiskeli, na ilidumu. Lakini si haki kwa mama aliye mezani mwa upasuaji kutegemea mpira wa baiskeli.

Na umeme, bila shaka. Nilianza kazi wakati wa majenereta ya Wesha, umeme ukipanda na kushuka kama bahari ya kusi. Mwaka 2010 ilipofika kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini kisiwa kinachotegemea kebo ni kisiwa kinachotegemea kebo. Unguja wanakumbuka miezi mitatu ya giza, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Mashine za kisasa haziuliwi na kukatika kwa umeme hasa. Zinaliwa na kurudi kwake, ule mshindo wa kwanza. Mkataba wowote usiotaja nani anaweka stabilaiza, nani anabadilisha betri za UPS na kila baada ya muda gani, utakufa siku umeme utakaporudi kwa kishindo, na kila upande utamwambia mwenzake kwamba kosa ni lake.

Basi nakuombeni haya, na nayaomba kwa kujua kwamba yanawezekana.

Mikataba ya vifaa tiba iwekwe mezani Baraza la Wawakilishi na isomeke na mwananchi, bei zikiwemo. Fedha ya umma inayonunua picha ya paja la mchuma karafuu haina siri ya biashara inayostahiki kufichwa kwa mchuma karafuu. Malipo yoyote, ya mkodishaji au ya mwenye mkataba wa matengenezo, yafuate siku mashine ilipofanya kazi, na kila siku iliyolala ikatwe, kuanzia saa ilipozima kwa saini ya fundi wa spitali. Kwa Pemba, mkandarasi aweke fundi na spea kisiwani. Kama hawezi, basi kazi ya Pemba asiichukue. Fundi wa Serikali afundishwe na apewe neno la siri la matengenezo ya awali, liandikwe ndani ya mkataba tangu siku ya kwanza, kwa mashine ya kununua na ya kukodi. Na mgonjwa atakayevuka bahari kwa sababu mashine imelala, nauli yake na ya mtu wa kumsindikiza ilipwe na aliyepaswa kuiamsha, awe ni mkandarasi au ni Wizara. Mkianza kuilipa nyinyi nauli hiyo, itaingia kwenye vitabu, na ikishaingia kwenye vitabu itahesabiwa.

Tangu yalipotangazwa kuwa bure baada ya Mapinduzi ya 1964, matibabu Zanzibar ni haki ambayo wazee wetu waliijua na wakaijivunia. Mama wa yule binti aliyeniuliza swali mlangoni alijifungulia watoto wake wote bila ya kulipa. Baba yake alivunjika paja, na nyumba ikauza ndama.

Daftari langu lina kurasa 212, mashine kwa mashine, tarehe kwa tarehe. Nimeshalitoa nakala. Nipo tayari kulileta Wizarani, Chake Chake au Unguja, siku yoyote mtakayoniita, na nitakuja kwa nauli yangu.

Wenu mtiifu,
Fundi mstaafu wa vifaa tiba, Pemba